Walii wa Shamsia

Sanyuanli, Guangzhou, China
3 Septemba 2025

Mdogo wangu Shamsia,

Assalaam alaykum. U hali gani huko Unguja? Mimi sijambo, Baba ndiye hali yake hainipi raha. Ile vali ya moyo aliyowekewa hapa mwaka jana, kwa mrija uliopitishwa kinenani, yenyewe inafanya kazi. Lakini sasa moyo unapiga polepole mno. Juzi kaanguka bafuni. Daktari anasema njia ya umeme wa moyo imeharibika; hutokea hata baada ya miezi mingi. Lazima awekewe betri ya kuuongoza moyo. Nakuomba, isogeze mbele ndoa yako kidogo.

Dada yako,
Nahla

Unguja
9 Septemba

Dada Nahla,

Wa alaykum salaam. Sisi wazima, alhamdulillah. Mwaka jana ulisema vali kwanza, nikangoja. Sasa betri. Tangu umchukue Baba umekuwa kama umemzaa wewe. Nimempigia mwenyewe, kasema, "Mwanangu, walii wako ni mimi, sitamwachia mtu." Tiketi nimeshamtumia.

Mdogo wako,
Shamsia

Sanyuanli
20 Septemba

Shamsia,

Salamu leo sina. Nimerudi kutoka soko la Zhanxi na magunia ya viatu, kitanda cha Baba kimetandikwa, mwenyewe hayupo. Simu kazima. Akifika, mpeleke hospitali kabla ya ndoa. Kabla, Shamsia.

Dada yako

Unguja
2 Novemba

Dada,

Assalaam alaykum. U mzima? Hupokei simu, na matangani hukuja.

Baba aliniozesha kwa sauti yake ileile. Alicheka, akala pilau. Nikamwambia mume wangu, "Unaona dada anavyopenda kututisha?" Hospitali nilisema twende shughuli ikiisha. Ijumaa yake, akivaa kanzu aende msikitini, akaanguka. Hakuamka. Daktari wa hapa kasema ni umeme wa moyo. Maneno yako yaleyale.

Watu wanaingia, huyu ananipa hongera ya ndoa, huyu ananipa pole. Sijui niitikie lipi.

Niandikie, hata matusi.

Mdogo wako,
Shamsia

Unguja
15 Januari 2026

Dada Nahla,

Assalaam alaykum. Natumai afya yako njema.

Rahim, yule anayesafirisha mizigo, kaniletea begi la Baba lililobaki huko, ulilompa alete. Nguo zote umezifua, umezipiga pasi. Nimekunjua moja moja, nimetia mkono kila mfuko, nikitafuta hata kikaratasi chako. Nikamuuliza Rahim, "Dada hakusema neno?" Kaangalia chini, akasema, "Kaniambia nikukabidhi, niondoke."

Mdogo wako, kama bado,
Shamsia