Tangu Lini Oili Ikazaa?

Masara,
Jumatano, baada ya mvua.

Dada yangu Akinyi, mama Atieno,

Pokea salamu nyingi kushinda mawe ya huku machimboni Masara. Kama kuna mtu amesimama nyuma ya bega lako anasoma, huyo sijamsalimia, aondoke kwanza. Kifua chako kimepoa? Atieno amerudi shule? Na mahindi ya kule chini ya barabara, bado yanaibwa na nyani, ama ni nyani wa kuvaa viatu? Mimi ni mzima. Malaria ilinijia juzi ikanikuta nakula samaki, ikaniangalia vizuri, ikaenda kwa jirani.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako najua inashikwa na kila mtu hapo Oyugis. Barua inakuja na yule mama muuza omena, dagaa wa ziwani, mwenye kucheka kwa sauti, huyo hajui kusoma mambo ya watu na hataki. Kabla sijafika mbali: logbook ya gari yako, ile hati ya umiliki, usimpe mtu. Hata akija na Biblia mkononi. Sasa kaa nikueleze.

Unajua vile mimi najua gari. Shule niliachia darasa la sita kwa sababu mwalimu alikuwa ameanza kuniuliza maswali yeye. Ni mimi nilishuka mteremko wa Ntimaru bila breki, na dume la ng'ombe la Mkuria mmoja kwa kiti cha nyuma, nikasimamisha gari kwa kuongea nayo tu. Huyo ng'ombe mpaka leo akiona gari ya mtu mwingine anakataa kupanda.

Basi kila asubuhi kabla ya kuwasha gari yako nipakie abiria, navuta kile kijiti cha kupima oili, napangusa, narudisha, navuta tena. Jumamosi oili ilikuwa katikati, nyembamba, rangi ya asali. Jumapili gari ililala mimi nikiwa kanisani. Jumatatu navuta kijiti, oili imepanda kupita alama ya juu. Nikasimama hapo kama mtu ameona marehemu sokoni. Mbuzi huzaa, maneno huzaa, lakini tangu lini oili ikazaa? Kazi ya oili ni kupungua.

Nikaishika kwa vidole. Nyeusi, nzito kama uji wa msiba, inanuka dizeli, na ndani kuna chenga za kukwaruza. Hiyo si oili ya gari ya petroli. Ni oili ya ile injini ya kusukuma kinu cha kusaga mawe ya dhahabu, tena ile imeshatumika ikatupwa. Dada, oili za gari zikiwa za aina moja lakini majina tofauti, ukikwama njiani unaongeza kidogo, unafika nyumbani, unabadilisha yote. Lakini hii ni kama kuchukua ugali wa jana na kumlisha mtoto wa siku mbili. Nikiwasha niende Migori nayo, injini inagonga kabla ya mlima wa kwanza, na karo ya watoto wako inabaki hapo kando ya barabara.

Sikuwasha. Nikaanza kuangalia watu.

Wa kwanza nilimweka Mwita, Mkuria mwenye kinu pale tunapoegesha. Oili ni yake, gari inalala kwake, na alishaniuliza mara mbili kama wewe unaweza kuiuza. Halafu hiyo Jumatatu alinisalimia vizuri sana, akauliza mpaka nimelalaje. Mtu wa kinu anauliza umelalaje kwa nini? Nikamshuku pia kinyozi wa kando ya kinu, kwa sababu alinyamaza nilipopita, na kinyozi hanyamazi. Hata mbwa wa Mwita nilimtazama akaangalia kando.

Shemeji yako Ochieng', mdogo wa marehemu mumeo, yule ulimtuma tusaidiane kuendesha, ndiye alikuwa ananisaidia kushuku. Yeye ndiye alisema ni Mwita. Akasema, "Mzee Okelo, hii injini imekwisha. Tumwambie mama Atieno aiuze upesi kabla watu hawajajua." Nikamwambia nitafikiria.

Nikalala chini ya gari nikamwaga oili yote ndani ya karai. Nikaipeleka nyuma ya nyumba, nikaiosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, polepole, vile akina mama hapa huosha mchanga wa dhahabu. Zile chenga zikabaki chini zinang'aa kama dhahabu. Moyo ukaruka, sikufichi. Nikachukua sumaku nikasogeza: zote zikasimama, zikaishika. Ni chuma. Dhahabu haiendi kwa sumaku. Basi ni uchafu wa kinu tu. Nikazirudisha kwa karai, sumaku nikatia mfukoni, nikafikiria mpaka chai ikapoa.

Unajua huku sheria ni moja: mtu akileta mawe yake kusagwa, mchanga unaobaki baada ya kuosha ni wa mwenye kinu, hata ukiwa na dhahabu. Kitu cha kinu hurudi kwa mwenyewe. Hakuna anayebisha.

Jana nikaenda pale kinuni watu wakiwa wengi, nikaweka karai juani. Zile chenga ziling'aa mpaka wapishi wakaacha sufuria, wakidhani ni dhahabu. Nikawaambia hii imetoka ndani ya injini ya dada yangu, aliyemwaga oili alimwaga na mali yake. Mimi ni Mkristo, sitaki cha mtu. Mwenye oili ajitokeze tumalizane kwa haki.

Nikamwangalia Mwita. Mwita akacheka, akasema, "Mimi oili ikichakaa naigawa, anayetaka apake mbao zisiliwe na mchwa. Hiyo si yangu tena."

Ndipo nikasikia nyuma yangu, "Ni yangu. Nilibeba mwenyewe kwa mtungi."

Dada, ni Ochieng'.

Sikugeuka haraka. Nikatoa sumaku nikaipitisha juu ya karai. Mali yake yote ikaruka ikashika sumaku. Hapo watu wakasogea karibu mpaka kuku wakakosa pa kupita. Nikamuuliza, "Ulibeba ukapeleka wapi?" Akaanza kurudi nyumanyuma. Baadaye kinyozi ndiye alimtoa maneno mdomoni, akatueleza: kuna mtu hapo Oyugis anataka gari yako kwa bei ya mgonjwa, na Ochieng' ameahidiwa kuwa dereva wake peke yake, bila mimi wa kupima oili kila asubuhi.

Mwita nilimwomba msamaha. Akasema nimlipe kwa kuacha kumtazama mbwa wake.

Injini niliisafisha kwa oili nyembamba mara mbili, nikamwaga, nikatia mpya ya aina yake. Kijiti kinatoka na rangi ya asali. Inanguruma kama paka aliyeshiba. Mafundi wawili wa Migori walikuja kusikiliza tu.

Ochieng' ameondoka leo asubuhi, anasema atalala kwanza kwa rafiki zake njiani, halafu anakuja kukusalimia. Mpe chakula, ni mtoto wa nyumba hiyo. Atakuambia gari imekufa, na yule mnunuzi atakuwa amekaa kando anasikitika. Waambie wanywe chai wasiwe na haraka. Jumamosi maiti inakuja, inajiendesha, na mimi ndani yake.

Nisalimie mama yetu, mwambie mguu wake nimeutafutia dawa kwa Wakuria. Msalimie Atieno na wadogo wake, pia mchungaji, na yule jirani wa mihogo, lakini huyo msalimie ukiwa mbali.

Ni mimi ndugu yako wa tumbo moja,
Okelo, dereva.

Bahasha nimeifunga kwa uji wa muhogo. Ukikuta juu yake gundi ya aina nyingine, jua kuna mtu ameongeza.