Kipande cha Barabara Nisichokikumbuka

Makanyagio, Mpanda

Mama Kulwa, mke wangu,

Mwangaluka. Habari za hapo Kwimba? Mama yangu, Mayu, bado anasumbuliwa na miguu? Na mapacha wetu, wameanza mitihani? Nauliza kama siku zote, lakini leo nimeshika kalamu kwa sababu kuna jambo nimeshindwa kukwambia kwenye simu. Mara tatu nimepiga, mara tatu umeniuliza kama niko salama, nami nikajibu niko poa. Nilikudanganya. Soma hii ukiwa umekaa, na usimsomee Mayu.

Ilikuwa Jumanne, sasa inakwenda wiki ya nne. Nilikuwa nimepakia mahindi hapa mjini kwenda Sumbawanga. Utingo wangu alikuwa na msiba kwao, kwa hiyo nikampa lifti mama mmoja wa Katumba, Mama Domitila, aliyekuwa anafuata mchele Kibaoni. Ni mtu mzima, amenizidi kama miaka kumi. Sitalike, kabla ya kuingia hifadhini, tukanywa chai. Nakumbuka nilipandisha vioo kwa sababu ya mbung'o, wale inzi wa hifadhini wanaouma mpaka juu ya jinzi. Nakumbuka geti.

Kitu kingine ninachokumbuka baada ya hapo ni maduka ya Kibaoni.

Katikati hakuna kitu, Mama Kulwa. Hifadhi nzima, na lori lina mzigo. Sikusinzia, maana mtu aliyesinzia pale hafiki. Mikono ilibadilisha gia, miguu ilikanyaga breki, ila mimi mwenyewe sikuwepo.

Nikamgeukia yule mama. Alikuwa ameshika rozari, ananitazama kama mtu anayemlinda mgonjwa.

"Baba, sasa unanisikia?" akaniuliza.

"Nakusikia. Kwani vipi?"

"Umelia tangu getini. Nimekuita, hujaitika. Tembo walikuwa barabarani, ukasimama, ukawangoja wapite, ukaondoa gari, na machozi yanatoka tu. Ulikuwa unasema, 'Nakuja, Baba. Nakuja.'"

Nikashika shati langu. Lilikuwa limelowa kifuani.

Wewe unajua nilivyofika msiba wa Baba. Nilikuwa njiani na mzigo, nikakuta ameshazikwa, nikalala siku moja, nikarudi kazini. Watu walinisifu kwamba nina moyo mgumu. Tangu siku ile sijapumzika hata Jumapili. Nilikuwa nakula nikiwa nimesimama, nakunywa vile vinywaji vya makopo vya kuondoa usingizi, nikishusha mzigo naomba mwingine. Nilidhani nikisimama tu, nitaanguka. Nina miaka arobaini na tisa, na nilikuwa naendesha kama kijana aliyepata leseni jana.

Hata baada ya Kibaoni sikumwambia mtu. Nilimshusha yule mama, nikaenda Sumbawanga, nikarudi. Siku ya tatu nikatoka chumbani kwangu kwenda kununua mkate. Nikaja kujikuta nimesimama stesheni ya reli, viatu vimejaa vumbi, na mkate sina. Mtu mmoja pale akaniambia nimesimama muda mrefu natazama reli. Hapo niliogopa, Mama Kulwa. Niliogopa mpaka meno yakagongana, na jua linawaka.

Nikaenda hospitali. Daktari ni mama wa makamo, hacheki. Akanipima presha, akarudia kupima. Akaniuliza lini mara ya mwisho nililala mpaka nikaamka mwenyewe. Nikaanza kuhesabu kwa vidole, nikaacha. Akasema, "Mwili wako umeshaanza kufanya mambo bila kukuuliza. Leo umekurudisha. Siwezi kukuahidi kwamba kesho utakurudisha." Akanikataza usukani mpaka yeye aseme. Akanipa dawa, akanikataza na yale makopo, akasema nilale kwa saa maalumu, nile nikiwa nimekaa, nitembee kwa miguu kila asubuhi, na nitafute mtu wa kuzungumza naye. Nikaona ni mambo ya kitoto. Kumbe ni kazi ngumu kuliko kubadilisha tairi la lori peke yako.

Tajiri, mwenye lori, akakubali nikae ghalani kupokea magunia. Mama Domitila alikuwa ameniachia namba, nikampigia, akaniambia niende kwao Katumba Jumapili. Usiniwazie vibaya, ana mume, Mzee Laurenti, na ndiye aliyenikalisha chini. Tulipalilia maharage mpaka jasho likatoka, halafu akaniambia habari za baba yake. Walikimbia Burundi, Mzee Laurenti mwenyewe akiwa mdogo amebebwa mgongoni. Baba yake akafika hapa akalima miaka mingi, hajawahi kutaja hata jina la ndugu aliyebaki kule. Kila mtu alimsifu kwa kazi. Siku moja akaweka jembe kwenye tuta, akaanza kutembea. Walimpata siku ya pili yake, amekaa porini, hajui anaitwa nani. Aliishi muda mrefu baada ya pale, lakini hakurudi tena akilini.

"Nilipomsikia mke wangu akisema habari zako," Mzee Laurenti akaniambia, "nikamwona baba yangu. Haya, tuambie. Mzee wako alikuwa mtu gani?"

Nikaanza kueleza alivyokuwa anawaita ng'ombe wake kwa majina, na alivyonifundisha kuogelea kwa kunitupa majini. Nikalia, ila safari hii nilijua nalia. Wakaniacha nilie, kisha wakaniletea ugali. Siku hiyo nililala mpaka jua likachomoza.

Sasa nakwenda kila Jumapili. Asubuhi natembea mpaka nje ya mji na kurudi. Presha imeshuka kidogo. Lakini sitakudanganya tena: wiki iliyopita, ghalani, magunia kama ishirini yalipita mbele yangu, yakaandikwa kwa mwandiko wangu, nami sikumbuki hata moja. Lile jambo halijaondoka. Liko hapo, linanisubiri nichoke.

Na juzi Alhamisi tajiri alikuja na funguo. Mahindi ni mengi na madereva wawili wameacha kazi.

"Jumatatu unaondoka," akasema. "Wewe si mgonjwa, una huzuni tu. Itaishia barabarani."

Kilichonitisha si maneno yake. Mkono wangu ulizipokea zile funguo na kuzifumbata, sijauambia. Nikabaki nautazama. Nikaufungua kidole kimoja kimoja, nikamrudishia. Akasema basi mwisho wa mwezi nitafute kazi kwingine. Nikamwambia sawa.

Kwa hiyo nitarudi nyumbani, daktari akishaniona mara moja zaidi. Nitakuja kwa basi, nikiwa abiria. Najua unajiuliza tutaishije; hilo tutalipanga nikifika. Nawe pia, ulisema siku hizi unaamka kabla ya jogoo na moyo unaenda mbio. Nilikujibu ni uchovu tu. Nisamehe. Nenda ukapime wiki hii, usingoje nifike.

Nisalimie Mayu, mwambie mwanae anakula vizuri. Msalimie kaka yako fundi baiskeli, na shangazi yangu aliyemuuguza Baba. Mwambie nikija nitataka anieleze siku zake za mwisho zote, asinifiche kitu. Nyie wote nawawaza.

Jambo la mwisho, na hili ulishike kuliko yote. Wakikuzidi watu maneno kwamba nimekuwa mvivu, waache. Lakini nikikupigia simu nikasema nimepona, nimerudi kwenye usukani, usiniamini, hata ukinisikia nacheka. Huyo atakayekuwa anaongea huenda asiwe mimi. Usibishane naye. Panda basi siku hiyohiyo, uje unichukue.

Mumeo,
Baba Kulwa