Gari Jipya Halisukumwi

Baba Jodie,

Nyama ya kondoo iko kwenye friji, ipashe moto. Kuku wafungie mapema, mbweha ameanza tena.

Alfajiri walipiga simu kutoka hospitali: baba yangu hali mbaya, niwahi. Nikaliwasha gari lako jipya, likaonyesha taa nyekundu, likazima kabisa. Nikalisukuma mteremkoni, kama tulivyoliamsha lile kuukuu letu miaka yote. Kumbe la otomatiki halisukumwi! Breki zikawa ngumu kama jiwe. Sasa limelala bwawani na bata.

Kuukuu lilivuja mafuta na kunuka kondoo, lakini ulilifunga waya likakufikisha. Baba alinifundishia humo kuendesha. Wewe ukalipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ukaleta hili jipya, eti zawadi yangu ya kuzaliwa! Ungeniuliza tu, Rusty.

~~Usinifuate.~~ Nenda kalirudishe lile kuukuu, hata kama umebaki mlango mmoja.

Nakwenda kungojea lori la barua kwenye barabara ya Bourke, linipe lifti hadi hospitali. Likipita mapema nitamkuta baba akiwa hai.

Simu imelia tena sasa hivi. Lile kuukuu liache huko huko. Hakuna haraka tena, baba hakuningoja.

Mama Jodie