Viatu Vyangu Sarajevo

Mjukuu wangu Zuhura,

Nakusalimu kutoka hapa mtaani kwetu Mayfair, huku Afrika. Sote wazima, ila mama yako anagombana na umeme unaokatika kila siku. Umeniuliza, na begi lako mgongoni na pesa kiduchu, uende mji gani huko Ulaya. Nenda Sarajevo.

Nilifika huko kwa treni nikiwa baharia kijana, meli yetu ikitengenezwa mbali pwani. Asubuhi nikasikia adhana katikati ya theluji! Nilisimama njiani mdomo wazi, kisha nikaifuata hadi msikitini. Nikavua viatu nje mlangoni, kama tunavyofanya Tanga. Wenyeji waliingia na vyao mkononi. Nikajisemea, watu hawa hawaaminiani.

Baada ya swala sikuvikuta. Nikamlaani mwizi kwa Kiswahili, tena kwa sauti. Mzee mmoja akanishika mkono, akanirudisha ndani hadi penye jiko la kuni. Viatu vyangu vilikuwa pale, vinatoa mvuke. Alikuwa ameikung'uta theluji iliyovijaa, kwa mikono yake mwenyewe.

Mpaka leo, Zuhura, nikiingiza mguu kwenye kiatu, kwanza naona haya, kisha nasikia lile joto.

Ni mimi babu yako,
Mzee Shekue