Kikundi Chetu Hakina Kosa Hata Moja, na Ndiyo Maana Naogopa

Mshauri mpendwa, nakusalimu kwa heshima, naomba unisaidie na unisamehe kama maneno yangu hayakupangwa vizuri, maana shule niliishia ya kati tu na kuandika sijazoea, na kuongea ndiyo kabisa, mimi nikisimama mbele ya watu masikio yanawaka moto na ulimi unakuwa mzito, mpaka wenzangu kazini wameshazoea kuniona nimekaa pembeni naangalia tu.

Nafanya kazi kiwanda cha vifungo vya mikanda ya gari, kile kifungo unachochomeka mkanda ukasikia ka, ukajua umeshika. Ndani yake kuna springi kama punje ya mchele. Ikikaa sawa kifungo kinashika, ikikaa upande kifungo kinalia ka vilevile, lakini siku gari likigonga kinaweza kuachia. Springi anaweka Mzee Tokumaru, baada yake yupo Dada Nemoto ambaye anakibonyeza kila kifungo kwa kidole gumba kukikagua, halafu kinakuja kwangu nafunga kifuniko.

Juu ya vichwa vyetu kuna kamba, na kamba ni ya kila mtu, ukiona kosa unavuta, taa inawaka juu ya meza kosa lilikotoka, mstari unasimama, watu wanakuja kuuliza kwa nini, na wakijibiwa wanauliza tena kwa nini, mpaka wafike kwenye mzizi. Aliyevuta hagombezwi, hivyo ndivyo tunavyofundishwa, na ni kweli sijawahi kuona mtu kagombezwa. Lakini taa ni taa, kiwanda kizima kinaiona.

Sasa Mzee Tokumaru ndiye aliyenifundisha kazi. Siku nilipoanza alinifunga macho kwa taulo lake la jasho, akanipa springi mkononi, akasema, "Usiitafute kwa macho, isikilize kwa kidole," na wengine wakacheka lakini yeye hakucheka, alikaa na mimi mpaka nikaweza, na mimi sijawahi kukaliwa na mwalimu namna hiyo. Amebakiza miezi michache astaafu. Mwaka huu nikaanza kuona mambo, maana kazi yangu ni kuona, nikaona kwenye mazoezi ya viungo ya asubuhi watu wote wakikunja ngumi yeye vidole viwili vya mkono wa kulia havifiki, nikaona kopo lake la kahawa anampa mtu amfungulie, anasema, "Hebu nisaidie, glavu zangu zina mafuta," na glavu ni safi kabisa.

Halafu springi zikaanza kuja zimekaa upande. Si zote, moja hapa, moja pale. Moja ilimponyoka Dada Nemoto ikanifikia, nikanyoosha mkono nivute kamba, akanishika mkono wa shati.

"Shusha mkono, dogo."

"Lakini dada, imekaa upande."

"Najua, nimeiona ikiwa tayari inaondoka. Ukivuta, taa itawaka kichwani kwa nani?"

Nikashusha mkono.

"Ehe. Basi ilete hapa." Akainyoosha kwa kibanio, akanirudishia, akasema bila hata kuniangalia, "Tunaambiwa kikundi, kikundi. Kikundi ni nini kama si hiki?"

Basi ikawa ndiyo desturi yetu, anazozikamata anazinyoosha mwenyewe, akipitiwa nakamata mimi, kamba haivutwi, na mzee mwenyewe hajui. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi. Bado anauamini mkono wake. Juzi wakati wa chai anatuambia, "Nikiondoka hapa mtalia nyie, mtatundika picha yangu juu ya hii meza." Dada Nemoto akamjibu, "Tutatundika ya ujana wako mzee, hii sura ya sasa itafukuza wageni." Watu wakacheka, na yeye akacheka kuliko wote, na mimi nikainamia kikombe changu.

Kumbe balaa lenyewe lilikuwa bado. Kila kikundi kiwandani kinakaa baada ya zamu, kinachagua tatizo dogo na kulitafutia dawa, na uongozi ni wa zamu, ikafika zamu yangu, nikapelekwa darasa la viongozi linalofundishwa na Injinia Sugiura. Ni mtu mpole, simsemi vibaya. Alituonyesha kuchora mifupa ya samaki, tatizo linakuwa kichwa na sababu zinakuwa miiba, basi kikundi chetu tulipokaa kuchora kila mtu akawa anakwepa mwiba mmoja anaoujua, tukaishia kuandika kwamba kisahani cha springi kiko mbali. Tukakisogeza. Ndiyo kazi yote tuliyofanya, mshauri, tulisogeza kisahani.

Na kwa kuwa kamba haivutwi, kwenye hesabu za injinia mstari wetu hauna kosa. Akaona dawa ni kisahani. Akafurahi, akatuchagua tukahutubie kwenye ukumbi wa kampuni mbele ya wakubwa na wafanyakazi wa viwanda vingine, akaniita ofisini kwake.

"Kiongozi, wewe ndiye utakayeongea."

Nikasema ndiyo bwana.

"Kisahani chenu kitaenda viwanda vyote. Na kuna habari nyingine nzuri. Meza ya Nemoto haijakamata kosa tangu majira ya kuchipua. Ukaguzi usiokamata kitu ni nguvu inayopotea bure, kwa hiyo baada ya hotuba tutamhamishia mstari mpya, na hapa mtaenda haraka zaidi." Akaniangalia. "Mbona unatetemeka, ni furaha?"

Nikasema ndiyo bwana.

Dada Nemoto akiondoka hakuna wa kuzikamata, mimi peke yangu na mstari ukienda haraka siwezi, hata wiki iliyopita alipougua mafua akakaa mtu wa muda asiyejua mambo yetu, nilikuwa nachungulia mpaka macho yanatoka maji na zingine zilikuwa zimeshapita kabla sijageuza kifungo, lakini siku ikapita salama na maboksi yakaondoka kama kawaida. Nilipomwambia Dada Nemoto kwamba anahamishwa alisema, "Ukisema, mzee watampeleka stoo, amalizie miezi yake akipanga maboksi, na atajua kwamba sisi tulijua. Utaweza kumtazama?" Nikamwambia sitaweza. Akasema, "Basi hutubia hicho kisahani chako, mengine tutaona."

Mshauri, hotuba ni wiki ijayo. Mzee ameshapiga pasi sare yake, amesema atakaa kiti cha mbele anione mwanafunzi wake. Je, nijifanye mgonjwa? Niache kazi kabisa? Au nizungumzie kisahani tu, maana kisahani kweli tulikisogeza, huo si uongo? Nisaidie, mimi sijui kuongoza, sikuomba kuongoza. Namba ya simu ya bwenini ninakoishi nimeiandika nyuma ya bahasha.

Mimi, anayefunga vifuniko.


MSHAURI ANAJIBU

Kijana wangu, majina yote nimeyabadilisha, kwa hiyo tulia. Barua yako niliposoma mara ya kwanza nilikuhurumia. Niliposoma mara ya pili nilikasirika.

Umeniuliza kuhusu hotuba. Umeniuliza kuhusu mzee. Kumbe habari kubwa umeificha katikati, umeipitisha haraka kama mtu anayepita mlango wa anayemdai. Wiki iliyopita Dada Nemoto aliugua, springi zingine zikapita, maboksi yakaondoka. Halafu unaniandikia kwamba siku ikapita salama. Salama kwa nani? Kwako wewe taa haikuwaka, basi. Vile vifungo sasa vinaelekea kwenye magari, na kuna mama atamkalisha mwanawe, atachomeka mkanda, atasikia ka, ataamini.

Ndiyo maana sikungoja gazeti lichapwe. Nilikupigia bwenini asubuhi ileile barua ilipofika, ukaitikia kwa sauti ya mtu aliyejifunika blanketi, nikakwambia haya ninayoyaandika hapa. Nayachapa kwa sababu najua vikundi kama chenu ni vingi, na kwa sababu uliitikia ndiyo, ndiyo, kama unavyomwitikia injinia wako, nami sikuwa na hakika umenisikia.

Hotuba iache kwanza. Asubuhi, kabla ya mazoezi ya viungo, mfuate Mzee Tokumaru pale anaponywea kahawa yake. Uende wewe. Usimtume Dada Nemoto, wewe ndiye mwanafunzi wake. Mpe kifungo chenye springi iliyokaa upande, akishike, kisha umwambie, "Mzee, hiki kimetoka kwako, na si cha kwanza, na sisi tulikuficha." Usiongeze pambo. Halafu mwombe mwende wote wawili kwa injinia. Akikataa, nenda peke yako, lakini nenda asubuhi hiyohiyo. Kama ulimi utakuwa mzito, kiweke kifungo mezani kwa injinia, utaje siku ile Dada Nemoto alipougua, useme, vya namna hii viliondoka. Atajua la kufanya, maboksi yana alama ya siku. Atakasirika, na ana haki. Mwache akasirike, huku watu wanayarudisha maboksi.

Unasema mlimlinda mzee. Hebu nikuulize kama mnavyoulizana nyinyi. Kwa nini springi zinakaa upande? Kwa sababu vidole havikunji. Kwa nini havikunji? Hapo mkakomea, kwa miezi, mnamfungulia makopo. Mimi si daktari, lakini niliongoza jiko la shule kwa miaka mingi na nimeona wapishi wangu wawili wakifa ganzi vidole, na mmoja alikuwa na mshipa uliobanwa kwenye kiwiko cha mkono, akatibiwa, akarudi kukata vitunguu. Mwingine alichelewa. Kama ile taa ingewaka mara ya kwanza, kuna mtu angemwuliza mzee mkono wako una nini. Nyinyi mlihakikisha hakuna wa kumwuliza. Hospitali aende wiki hii, na wewe au Dada Nemoto mmoja wenu amsindikize, maana wazee wa namna yake wakienda peke yao wanarudi kusema daktari kasema ni baridi.

Kuhusu stoo. Inawezekana watampeleka, sitakudanganya. Lakini wewe ni kiongozi wa kikundi kwa zamu hii, utakuwa umesimama mbele ya injinia, una haki ya kufungua mdomo. Mwambie injinia kwamba kuna mtu pale anayeweza kumfunga mgeni macho akamfundisha kuisikia springi, na kwamba mstari mpya utakuwa na wageni tele. Umwambie na hili pia, Dada Nemoto asihamishwe. Huyo dada ana moyo mzuri na amefanya kazi ya watu wawili kimya kimya, na malipo yake yakawa kuonekana hana kazi. Mimi nisingemgombeza sana. Wewe ndiye nakugombeza, kwa sababu yeye alishaamua kwamba ni sawa, wewe ulijua si sawa ukaendelea kufunga vifuniko.

Unasema hujui kuongoza. Kijana, wewe umeona vidole visivyofika, umeona glavu safi, umeona mwiba ambao kikundi kizima kinaukwepa. Injinia mwenye darasa lake hakuviona. Lakini kuona ukanyamaza hakumsaidii mtu. Na usiniambie habari ya aibu. Ile kamba haikudai useme neno hata moja, ilidai mkono tu, nao uliushusha mwenyewe ulipoguswa shati. Kuanzia sasa ukikuta springi imekaa upande, vuta kamba, hata kama ni ya mzee, hata kama Dada Nemoto anakukodolea macho, hata kama ni mara ya kumi siku hiyo.

Kujifanya mgonjwa, hapana. Kuacha kazi, hapana, ukiondoka wewe nani ataichungulia springi? Kuzungumzia kisahani tu, hapana kabisa, viwanda vyote vitasogeza visahani na kuwaondoa wakaguzi wao. Wakikuruhusu bado kusimama ukumbini, soma kwenye karatasi, polepole, sema kisahani hakikuponya kitu, useme na mlichokuwa mnafanya. Masikio yakiwaka moto, yawake. Wakilifuta jina lako, kaa chini, usikilize wengine.

Na Mzee Tokumaru anaweza asikusamehe. Hilo jiandae nalo, maana watu watakwambia ukisema kweli kila kitu kitakaa sawa, na si kweli. Anaweza kupita mbele ya meza yako kila siku bila kukuona. Wewe msalimie. Na siku atakapoagwa, wenzako wakikusanyika kunywa, usijitafutie sababu ya kubaki bwenini. Nenda, kaa karibu naye. Glasi yake ikiwa tupu, mmiminie kwa mikono miwili, kwa heshima. Akiigeuza glasi juu chini kukukatalia, weka chupa mezani, ukae hapohapo.