Mashine Imekubali Salamu Zangu

Jumatatu, baada ya isha

Imekubali, na mimi bado nacheka peke yangu kama kichaa.

Wiki nzima mashine ya ushirika inayosoma ujumbe wa simu inanirudishia ujumbe wangu wa kuomba dawa ya salfa ya mikorosho: "Ujumbe haujaeleweka." Eti inataka jina, kijiji na idadi ya mikorosho, basi. Mimi niombe kitu bila kusalimia? Na mwisho wa kuomba ni kesho. Bila salfa, ugonjwa wa ubwiri unga utanimalizia maua yote.

Leo nikamfuata ofisini Mwanahamisi, mjukuu wa dada yangu. Yeye ndiye anayeiendesha.

"Mke wangu, mashine yako umeilea vibaya. Haina adabu."

"Mume wangu, wazee wote wa Kitaya mnanisumbua hivyo hivyo."

Akabofyabofya, akaifundisha kuyaruka maneno mengine yote na kuokota yale matatu tu.

Nikatuma pale pale: salamu, habari za mbuzi wangu, pole kwa mwenyekiti wa ushirika aliyechanikiwa na suruali mkutanoni, kisha jina, Kitaya, mikorosho arobaini. Simu ikalia: "Maombi yamepokelewa." Nikacheza mpaka goti likalalamika.

Mwanahamisi hakucheza. "Babu, inayaruka tu, haiyafuti. Ijumaa mwenyekiti atasoma kila ujumbe mbele ya mkutano."

Atasoma mwenyewe, kwa sauti. Hofu ninayo, sitajidanganya. Lakini salfa hawezi kuninyima tena, mashine imeshapokea.

Ijumaa nitawahi kiti cha mbele.