Baraza Letu Alijenge Kaka Yako

Tandika, Dar es Salaam
Novemba

Mke wangu Mama Zuhura,

Nakusalimu wewe na tumbo lako la miezi saba. Mama mkwe mpe shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma, maana najua ameshakaa karibu yako anasubiri kusikia. Zuhura homa imemwacha? Mimi ni mzima, ila mgongo unauma na moyo umechoka, na leo sitaki kukuficha.

Nilikuahidi kwamba kabla mvua hazijakaza nitakuwa nyumbani huko Makote, nipachike baraza la bati mbele ya nyumba yetu ya nyasi, maji yake yaingie kwenye kisima tulichochimba na kukisakafia mwaka jana. Usiteremke tena bondeni na ndoo, ukapanda ule mlima na hali uliyonayo. Ahadi hiyo sitaitimiza. Ngoja nikueleze ilivyokuwa, halafu unikasirikie vizuri.

Huku siku hizi kila kitu ruksa. Magari yanashuka bandarini kutoka Dubai, na kila aliyepata gari anataka banda lake lishikane na nyumba, na kibaraza pembeni akae anywe soda huku analitazama. Bosi mmoja, muuza vipuri, alinipa kazi hiyo, akaniachia nguzo, mbao na bati, akasafiri. Hakusema paa liinamie wapi. Na mimi sikuuliza. Ningeuliza nini? Mtu wa Newala akiona bati anaona maji. Nikaliinamisha banda kuelekea nyumbani, ili maji yake na ya paa kubwa yakutane kwenye mfereji mmoja ukutani, yaende kwenye pipa la kona. Nilijiona mjanja kweli. Hata majirani niliwaita waje kuona.

Mvua ya kwanza ikaja siku aliyorudi. Majani ya mwarobaini yakaziba mfereji, maji yakafurika, yakapenya juu ya dirisha mpaka sebuleni. Zulia likalowa lote. Bosi akatoka na kandambili mkononi.

"Fundi, nani kakuagiza maji?"

"Bosi, nilisema yasipotee."

"Yapotee! Mimi nina bomba ndani! Ya mvua yaende barabarani huko!"

Mama Zuhura, niliingia nikaanza kulikunja zulia. Nilikukumbuka wewe, unavyomwogesha mtoto kwa kopo mbili ndani ya beseni, kisha maji yaleyale unayapeleka kwenye mpapai. Niliona uchungu, na aibu pia, maana nyumba ni yake na kosa ni langu.

Basi sasa nang'oa nguzo zilizokwisha kushika kwenye zege, nijenge upya paa liinamie barabarani, bila malipo. Sanduku langu la vifaa amelifungia stoo nisije nikatoroka. Asubuhi anatoa msumeno na randa, jioni anavirudisha ndani. Ni kazi ya wiki tatu, labda nne. Kufikia hapo barabara ya kusini itakuwa tope tupu na malori yatalala Rufiji. Nitakapofika huko mtoto atakuwa ameshaanza kucheka na watu.

Unajua nilivyokuwa nikimkataza kaka yako Saidi asiguse baraza letu. Nilisema mlamu wangu ni fundi wa mabanda ya kuku, tena nilisema mbele za watu. Ukweli ni huu: mwanamume aliyehamia ukweni kama mimi, shamba la kwenu, mikorosho ya kwenu, hata kiwanja cha kwenu, anatamani kitu kimoja cha kunyooshea kidole aseme hiki nimejenga mimi. Nilitaka kitu hicho kiwe baraza letu. Lakini mvua haimngoji fundi, na wewe usiningoje.

Mwite Saidi. Bati nilizozitoboa kwa misumari, bosi hazitaki tena, kaniambia niondoe takataka zangu. Nimeziba matundu kwa lami, nimepakia sita kwenye lori linalokuja Newala kuchukua korosho. Dereva ni mtu wa Chidya, mwaminifu, ataziacha kwa baba mdogo pale sokoni. Bati zianzie juu ya ncha za nyasi, zisianze chini yake, maji ya nyasi yasiangukie bati, ni mekundu, hayanyweki. Mteremko uende wote upande wa kisima. Kosa langu la huku ndiyo kazi nzuri ya huko. Na wewe usishike hata mbao moja, nakujua.

Nisalimie baba mdogo na mgongo wake, shangazi mshona nguo, na jirani yetu mwenye mbuzi wasiofungwa. Zuhura mbusu shavuni, mwambie baba anakuja, siku usimtajie.

Saidi ana salamu zake peke yake. Usimwambie nimemruhusu. Mwambie nimemwomba.

Mumeo,
Baba Zuhura